Mbawakawa Hakuupanda Msitu Ule

Treni ya mvuke inayopanda hadi kilele cha Brocken, mita 1,141 juu ya usawa wa bahari katika milima ya Harz nchini Ujerumani, zamani ilipita kwenye msitu mzito uliofunga pande zote mbili za reli. Siku hizi abiria wanaona vigogo vya kijivu vilivyosimama vikavu, bila gome wala sindano, kilima hadi kilima. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Harz takriban misprusi minne kati ya kila mitano imekufa, na mingi kati ya hiyo ilikufa katika miaka michache tu kuanzia 2018.

Msprusi ni mti wa jamii moja na msonobari: mrefu, mnyoofu, wenye sindano fupi badala ya majani, mti ambao Wazungu kwa vizazi vingi wamekuwa wakiuingiza sebuleni wakati wa Krismasi. Aliyeuua ni mdudu wa urefu wa milimita 4 hadi 5 na nusu, mwenye rangi ya kahawia iliyokolea, anayejulikana kitaalamu kama Ips typographus. Kwa Kiswahili tumwite mbawakawa wa magome, maana sehemu kubwa ya maisha yake huimaliza chini ya gome.

Vyombo vya habari vya Ulaya vimemwandika kama adui aliyevamia. Kwa maoni yangu, hukumu hiyo inamwacha mshtakiwa mkuu nje ya kizimba. Mbawakawa huyu ni mwenyeji wa Ulaya. Ameishi na msprusi kwa maelfu ya miaka na hakuwahi kuumaliza. Mdudu ni yule yule. Kilichobadilika ni msitu wenyewe na hali ya hewa inayoukabili, na vyote viwili vimebadilishwa na binadamu.

Tuanze na mdudu, kwa sababu bila kujua anavyofanya kazi mjadala wote unakuwa wa kubahatisha. Majira ya baridi yakiisha na joto likikaribia nyuzi 17 za Selsiasi, dume hutoka alikolala na kutafuta mti. Mti wenye afya una kinga yake. Mdudu akitoboa gome, utomvu mzito humiminika kwenye tundu, ukamsukuma nje au ukamgandisha humo humo. Ndiyo maana katika miaka ya kawaida mbawakawa hujitafutia riziki kwenye miti iliyoangushwa na upepo, iliyovunjika au iliyochoka kwa uzee. Huko anafanya kazi ya maana msituni: yeye ndiye wa kwanza kuufungua mti uliokufa ili kuvu na wadudu wengine wapate njia ya kuingia na kuurudisha udongoni.

Dume akifanikiwa kupenya huchimba chumba kidogo na kutoa feromoni, yaani kemikali ya harufu inayowaita wenzake. Majike huja, mara nyingi wawili au watatu kwa dume mmoja, na madume wengine pia huitikia wito. Kila jike huchimba mfereji wake kufuata urefu wa shina, akitaga mayai kushoto na kulia. Mabuu wakianguliwa, kila mmoja hula kuelekea ubavuni, na kwa pamoja hulikata lile tabaka laini linaloteremsha chakula kutoka kwenye sindano kwenda mizizini. Wakati huo huo kuvu waliobebwa na mbawakawa husambaa ndani ya mti, huziba njia za maji na kuziachia mbao rangi ya buluu. Mti unanyimwa chakula na maji kwa pamoja.

Hesabu ndiyo inayoamua vita hivi. Mbawakawa wachache wakiuvamia msprusi wenye nguvu, watakufa. Wakija mamia ndani ya siku chache, utomvu huisha kabla wavamizi hawajaisha. Kutoka yai hadi mdudu mzima ni wiki 6 hadi 10 kutegemea joto. Kwenye milima ya baridi hupatikana kizazi kimoja kwa mwaka, pengine viwili. Joto likiongezeka, sehemu za chini hupata vitatu, na hapo wataalamu wa misitu wa Kijerumani hukadiria kwamba uzao wa jike mmoja unaweza kupita 100,000 katika msimu mmoja. Ongezeko la joto ambalo mtu asingelibadilishia hata nguo linatosha kumpa mbawakawa kizazi kizima cha ziada.

Tarehe 18 Januari 2018 dhoruba iliyopewa jina la Friederike ilipita katikati ya Ujerumani na kulaza miti mingi. Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikavu na cha joto kali. Cha 2019 kikawa hivyo hivyo, na cha 2020 hakikuleta nafuu ya kutosha. Msprusi una mizizi inayotandaa karibu na uso wa ardhi, haishuki kufuata maji yaliyo chini, kwa hiyo ukame huo ulikuta mti usio na akiba ya kutengenezea utomvu. Mbawakawa wakazaliana kwenye miti iliyoanguka, kisha wakahamia kwenye iliyosimama. Watafiti wa kituo cha anga za juu cha Ujerumani, DLR, walipima kwa setilaiti wakakuta kwamba kati ya Januari 2018 na Aprili 2021 nchi ilipoteza miti kwenye hekta zipatazo 501,000, karibu asilimia 5 ya misitu yake yote. Kwa majirani zao wa Jamhuri ya Cheki, ambako msprusi ulikuwa karibu nusu ya msitu mzima, magogo yaliyovunwa mwaka 2019 yalizidi mita za ujazo milioni 30, na sehemu kubwa yake ilitoka kwenye miti iliyokwisha kushambuliwa.

Lakini ni nani aliyeijaza misprusi kiasi hicho mahali pamoja? Bila mkono wa binadamu, miteremko ya chini na ya kati ya Harz ingekuwa na mibuchi na miti mingine ya majani mapana, na msprusi ungebaki karibu na vilele, kwenye baridi na unyevu unaoupenda. Ila Harz ni milima ya madini. Kwenye mgodi wa Rammelsberg, kando ya mji wa Goslar, fedha, shaba na risasi vilichimbwa kwa zaidi ya miaka 1,000, hadi ulipofungwa mwaka 1988. Mgodi unakula miti: nguzo za kushikilia mashimo, makaa ya kuyeyushia mawe. Msitu wa asili ulikatwa hadi ukapungua vibaya, na watawala wakaamuru upandwe mti unaokua haraka na kwa unyoofu. Wakachagua msprusi.

Adhabu ilikuja mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Mwishoni mwa karne ya 18 mbawakawa walikausha misprusi ya Harz kwa wingi wa kutisha, hata Johann Friedrich Gmelin, profesa wa Göttingen, akachapisha uchunguzi kamili juu ya janga hilo mwaka 1787. Miti iliyokufa ikaondolewa, na msprusi ukapandwa tena. Baada ya Vita Kuu ya Pili misitu ilikatwa kulipa fidia kwa washindi na kuwapa watu kuni katika miji iliyobomolewa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1940 mbawakawa walilipuka tena. Na msprusi ukapandwa tena, kwa kuwa miche yake ilipatikana kirahisi na taifa lilihitaji mbao za kujengea.

Waliopanda hawakuwa wajinga, na nawaheshimu. Wengi walikuwa wanawake, waliotembea miteremko iliyo uchi wakiwa na majembe na vikapu vya miche, kwa ujira mdogo, katika miaka ya njaa. Ujerumani Magharibi iliweka picha ya mwanamke akipanda mche kwenye sarafu ya pfenigi 50 kwa heshima yao. Ninachopinga ni uamuzi ule ule kurudiwa kwa zaidi ya miaka 200, kila mara baada ya mdudu yule yule kuonyesha udhaifu ule ule. Msitu wa mti mmoja, wa umri mmoja, uliopandwa nje ya mahali pake, hauna pa kumzuia mbawakawa akishaanza. Kila jirani wa mti ulioshambuliwa ni chakula kingine.

Kusini zaidi, mpakani na Cheki, kulifanywa jambo tofauti. Agosti 1983 dhoruba iliangusha miti katika Hifadhi ya Taifa ya Msitu wa Bavaria, hifadhi ya taifa ya kwanza nchini humo, iliyofunguliwa 1970. Desturi ilikuwa kuyaondoa magogo haraka kabla mbawakawa hawajazaliana. Waziri wa kilimo na misitu wa jimbo, Hans Eisenmann, akaamua yaachwe yalipolala, kwa kuwa alitaka watoto na wajukuu warithi msitu unaojiendesha wenyewe. Mbawakawa walikuja, kama ilivyotarajiwa. Katika miaka ya 1990 na iliyofuata waliua misprusi kwenye maelfu ya hekta, na wananchi wa vijiji vya jirani wakapandwa na hasira. Sioni sababu ya kuwalaumu. Mtu aliyezaliwa chini ya mlima wa kijani, akaona unageuka kijivu ndani ya miaka michache huku serikali ikimwambia atulie, ana haki ya kulia.

Matokeo, hata hivyo, yapo kwa anayetaka kwenda kuyaona. Chini ya vigogo vile msitu mpya umeota wenyewe, bila mche hata mmoja kutoka kitaluni. Misprusi ni mingi tena, ila sasa imechanganyika na mibuchi, misorbi na mibetula, miti ya umri tofauti iliyoota kwa nafasi zisizo sawa. Kigogota wa vidole vitatu, ambaye chakula chake kikubwa ni mabuu wa chini ya magome, amepata makao. Kuvu na wadudu waliokuwa wamepungua sana Ulaya ya kati, wanaohitaji miti mizee iliyooza, wamerudi. Jamii hiyo nzima haipatikani kwenye msitu uliofagiliwa.

Na hapa kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha: mti uliokwisha kukauka kabisa hauna tena mbawakawa huyu. Gome likifa, chakula kimekwisha, na wenyewe wamehama zamani. Kukata vigogo vya kijivu kwa jina la kupambana na mbawakawa hakumpunguzi hata mmoja, bali kunaondoa kivuli na unyevu ambao miche michanga ingeuhitaji. Anayetaka kumzuia lazima akate mti ambao bado ni wa kijani. Dalili yake ni unga wa kahawia kwenye magamba ya shina na kwenye utando wa buibui chini yake, na matone ya utomvu. Walinzi wa misitu hutembea mti kwa mti wakiutafuta unga huo, na baadhi wana mbwa waliofundishwa kunusa. Wakiuona wana wiki chache tu za kuutoa mti msituni au kuumenya magome kabla kizazi kipya hakijaruka. Mitego ya feromoni husaidia kujua mbawakawa wameanza kuruka lini, lakini haimalizi mlipuko, kwa maana hunasa sehemu ndogo tu ya waliopo.

Kwa hiyo swali la kama mbawakawa ni mharibifu haliwezi kujibiwa kabla ya kuuliza msitu husika ni wa nini. Karibu nusu ya misitu ya Ujerumani ni mali ya watu binafsi. Mwenye hekta chache alizorithi, aliyezihesabu kama pensheni yake, hana anasa ya kusubiri miaka 40 aone kitakachoota. Kwake mbawakawa ni mharibifu, bila mjadala. Miaka ya 2019 na 2020 mbao za misprusi iliyokufa zilifurika sokoni hadi bei ya gogo ikaanguka chini ya gharama ya kulikata na kulisafirisha, na magogo mengi yakapakiwa kwenye makontena kwenda China. Watu hao walipoteza kazi ya babu zao mara mbili: kwanza msituni, kisha sokoni. Kwa ajili yao hifadhi za Harz na Bavaria zimeweka ukanda wa mita 500 au zaidi mpakani, ambamo miti iliyoshambuliwa hukatwa na kutolewa. Naona huo ni mpango wa haki. Mbawakawa wengi hawaendi mbali ikiwa kuna chakula karibu.

Hoja ya moto nayo ina uzito. Septemba 2022 moto mkubwa uliwaka jirani na Brocken, na wengi wakasema miti iliyokufa ndiyo iliyoulisha. Sindano kavu zilizo bado matawini na matawi yaliyolala huongeza kuni, huo ni ukweli, na karibu na vijiji, njia na reli kuni hizo zinapaswa kuondolewa. Lakini kutoka hapo hadi kusema hifadhi nzima ifyekwe ni mbali mno. Lililo baya kuliko yote ni lile linalofanyika sana katika misitu ya biashara: kuchelewa kukata, kisha kuingiza mashine nzito na kufyeka kila kilichosimama, kuuacha udongo umegandamizwa na kupigwa na jua, na hatimaye kupanda tena mti wa aina moja. Siku hizi baadhi ya wenye misitu Ujerumani wanaweka matumaini kwenye mduglasi wa Amerika ya Kaskazini, unaokua haraka na kustahimili ukame kuliko msprusi. Ukichanganywa na mingine, sawa. Ukipandwa peke yake kwa hekta na hekta, ni suala la muda tu.

Huko Amerika ya Kaskazini kwenyewe mambo yalikuwa makubwa zaidi. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, jamaa yake mbawakawa wa Ulaya, Dendroctonus ponderosae, alilipuka kuanzia miaka ya 1990 na kugusa hekta zipatazo milioni 18, eneo la karibu Rwanda saba. Zaidi ya nusu ya misonobari iliyokuwa tayari kuvunwa iliangamia. Mlipuko huu ulikuwa na sababu mbili zilizosaidiana. Majira ya baridi yalikosa zile siku za nyuzi 40 chini ya sifuri zilizozoea kuwaua mabuu chini ya magome. Na kwa miaka mingi mioto ya asili ilikuwa imezimwa kila ilipowaka, hivyo misonobari mingi ikawa imezeeka pamoja. Serikali iliruhusu ukataji uongezwe ili kuokoa mbao kabla hazijaoza, viwanda vikashamiri, kisha magogo yakaisha na viwanda vikaanza kufungwa mji mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2008 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba msitu huo, uliokuwa ukifyonza hewa ya ukaa, ulikuwa umegeuka kuitoa. Ujerumani nayo imefika huko: sensa ya misitu iliyotangazwa Oktoba 2024 ilionyesha kwamba tangu 2017 misitu ya nchi hiyo inapoteza kaboni nyingi kuliko inayohifadhi. Joto linaleta mbawakawa, mbawakawa anaua miti, na miti inayooza inaongeza joto.

Msomaji wa Mufindi, Njombe au Bonde la Ufa ana sababu ya kufuatilia habari hii kwa karibu, kwa sababu Afrika Mashariki imekwisha kupita njia hiyo hiyo, ila kwa wadudu na magonjwa mengine. Wakoloni walipoanza mashamba ya miti Kenya na Tanganyika walitegemea spishi chache za kigeni. Msonobari wa radiata ulipandwa kwa bidii, hadi kuvu anayekausha sindano alipoufanya usipandike tena, miaka ya 1950 na 1960. Nafasi yake ikachukuliwa kwa wingi na msonobari wa patula kutoka Meksiko. Kisha kidukari wa misaipresi akaonekana Malawi mwaka 1986, Tanzania 1988 na Kenya 1990. Akakausha mashamba ya serikali na pia ua wa misaipresi unaozunguka nyumba za watu vijijini, hata akaigusa miti yetu ya asili kama mtarakwa. Ilibidi aletwe nyigu mdogo kutoka nje, anayetaga mayai ndani ya kidukari huyo, na akaachiwa kwanza Malawi katika miaka ya 1990.

Leo shamba la miti la Sao Hill, huko Mufindi, ndilo kubwa kuliko yote Tanzania, na kulizunguka kuna maelfu ya wananchi waliopanda mipaina, yaani misonobari, kwenye ekari zao wakitegemea kusomesha watoto kwa mbao. Sehemu kubwa ya miti hiyo ni patula. Mbawakawa wa magome ya misonobari kutoka Ulaya tayari wamekaa Afrika Kusini kwa miongo kadhaa, kwa hiyo bahari haikuwazuia. Njia yao inayojulikana zaidi ni mbao mbichi za masanduku na mapaleti ya mizigo. Ndiyo maana tangu 2002 kuna kanuni ya kimataifa inayotaka mbao hizo zipashwe joto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30, au zifukizwe kwa dawa, na kupigwa muhuri. Ukaguzi wa muhuri huo katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam ni ulinzi wa mashamba ya Mufindi, ingawa uko mamia ya kilomita kutoka huko.

Ndani ya mashamba yenyewe yapo ya kufanya ambayo hayangoji mdudu afike. Miti ipunguziwe kwa wakati, maana paina zilizobanana hugombea maji na hudhoofika zote. Mabonde na kingo za mito zibaki na miti ya asili ili vipande vya paina visigusane. Vitalu vya serikali viweke miche ya aina nyingi kwa bei ambayo mkulima mdogo anaimudu, kwa sababu mkulima hupanda kile anachokikuta kitaluni mvua zinapoanza. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania na Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya wana wataalamu wanaoyajua haya kuliko mimi. Nawaomba wayaeleze mapema, kwa Kiswahili, kwenye mikutano ya vijiji, wakati miti bado ni ya kijani.